Wazee wanapodekeza wajukuu: uwaachie, uwabane au uwawekee mpaka?

Baba yangu hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Ukisikia jina lako, unaacha unachofanya na kwenda. Wakati wa kula hatukuzungumza, muda wa kulala haukujadiliwa, na kitu kikivunjika nyumbani lazima apatikane aliyekivunja. Juzi nimemkuta mtu huyohuyo amekaa sakafuni, miwani yake imo mikononi mwa mwanangu wa miaka mitatu, na mkono mmoja wa miwani umeshapinda. Nikafoka, "Rudisha miwani ya babu!" Baba akaninyooshea kiganja. "Mwache mwenzio. Miwani inatengenezwa."

Mwache mwenzio. Aliniambia vile mzazi anavyomwambia mtoto mkubwa anayemsumbua mdogo wake. Nilisimama pale nina furaha na uchungu kwa pamoja. Furaha, kwa sababu mwanangu anapendwa. Uchungu, kwa sababu huruma ile sikuwahi kuionja nilipokuwa na umri wake.

Wazazi wenzangu huniletea swali lilelile kwa maneno tofauti: bibi anampa kila anachotaka, babu anamtetea kila ninapomkanya, nifanyeje? Majibu wanayopewa huwa ya aina tatu. Wapo wanaosema waachie, ndiyo raha yao ya uzeeni. Wapo wanaosema sheria za mtoto ziwe zilezile kila nyumba anayoingia. Na wapo wanaosema chagua mambo machache ya kusimamia, mengine yapite. Nimezijaribu zote tatu kwa nyakati tofauti, na nataka kuziweka bega kwa bega. Sidhani kama ipo moja inayofaa kila familia, ila nadhani kipo kipimo cha kukuonyesha ipi ni yako. Kipimo chenyewe ni nani anabeba siku za mtoto, yaani nani anamwamsha, anamlisha, anamkanya na kumlaza, na kwa siku ngapi. Wengi tunaanza kwa kupima upole wa mzee, tunapotea.

Wanalainika kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba uzee humlainisha mtu. Sikubaliani nalo sana, maana nawafahamu wazee ambao ukali wao haujapungua hata chembe. Kinachobadilika hasa ni nafasi ya mzee mbele ya mtoto. Mzazi analea huku anatafuta riziki, usingizi haumtoshi, na hajui mtoto atatoka vipi. Kila kosa analisoma kama dalili: akificha kalamu ya mwenzake leo, kesho atakuwa mtu wa namna gani? Babu hana hofu hiyo. Alikuona wewe ukiificha hiyo kalamu, na sasa anakuona una kazi na familia. Ameshagundua kwamba mengi aliyoyapigania hayakuwa na uzito aliodhani.

Watafiti wa jamii waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu mahusiano ya utani. Alieleza kuwa katika jamii nyingi mzazi na mtoto hukaa kwa heshima na tahadhari, ilhali babu na mjukuu huruhusiwa kutaniana kana kwamba ni rika moja. Kwetu tunaozungumza Kiswahili hilo si geni; neno utani tulikuwa nalo, na kila aliyetaniwa na bibi yake analijua kwa vitendo. Dorrian Apple alikwenda mbele zaidi mwaka 1956. Alilinganisha jamii 75 na kuona kwamba pale wazee wanaposhika mamlaka ndani ya familia, uhusiano wao na wajukuu huwa wa rasmi na wa mbali kidogo. Pale wasiposhika mamlaka hayo, huwa wa karibu na wa upole.

Kwa mzazi anayetaka kuchagua, hapo ndipo penye ufunguo. Upole wa mzee unakwenda pamoja na kutokuwa na mamlaka. Ukimkabidhi mama yako malezi ya kila siku ya mwanao, usishangae baada ya miezi michache akianza kukemea kama alivyokukemea wewe. Ukimwachia matembezi tu ya mara mojamoja, utaona ule upole unaokuudhi. Kumtaka awe mlezi kamili na papo hapo awe mgeni mpole, au kumpa nafasi ya mgeni kisha kumdai nidhamu ya mlezi, ni kumwonea.

Kuna jingine lililonisaidia kutuliza hasira. Mwaka 2021 James Rilling na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa bibi 50 waliokuwa wakitazama picha. Walipotazama picha ya mjukuu, sehemu za ubongo zinazohusika na kuhisi anachohisi mwingine ziliamka zaidi. Walipotazama picha ya mtoto wao mwenyewe aliyekwisha kuwa mtu mzima, zilizoamka zaidi ni zile zinazohusika na kujaribu kuelewa mwingine anawaza nini. Mimi nililichukua hivi: mjukuu akilia, bibi anaumia naye; mimi nikilia, mama anajiuliza nina nini. Tangu hapo niliacha kuamini kwamba mama ananipinga kwa makusudi anapomnyanyua mtoto niliyemwambia akae chini atulie. Anamnyanyua kabla hajafikiri.

Njia ya kwanza: kuwaachia

Hapa mzazi anakubali kwamba mlango wa babu una sheria za babu. Mtoto akirudi nyumbani, anarudi kwenye zako.

Uzuri wake ni mkubwa kuliko tunavyoukiri. Mtoto anapata mtu mzima mmoja ambaye hamkagui. Mwalimu anamkagua, mzazi anamkagua, ndugu wakubwa wanamcheka akikosea. Kwa babu anaweza kuuliza swali la kipumbavu, kusimulia hadithi isiyo na mwisho, kushindwa mchezo na bado kupigiwa makofi. Mtoto anayetoka huko hutoka ameshiba kitu ambacho mzazi mwenye haraka za asubuhi hawezi kumpa. Na watoto si wajinga. Wanajua mapema kabisa kwamba darasani hakuna kupanda juu ya meza na kwamba kwa shangazi unavua viatu mlangoni. Wanaweza kujua pia kwamba kwa bibi kuna hadithi ya tatu kabla ya kulala, na nyumbani kuna moja.

Udhaifu wake unaonekana siku zikizidi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini katika jambo hili methali inapinda: mchelea ni babu, na anayelia ni wewe, Jumapili usiku, mtoto anapokataa kuoga kwa sababu "kwa babu huwa siogi." Ikitokea mara moja kwa mwezi, utaibeba. Ikitokea kila wiki, utaanza kumchukia mzee asiyejua hata amekosa nini, kwa sababu ulimwambia mwenyewe afanye atakavyo.

Njia hii naiona inamfaa mzazi ambaye wazee wake wanaonana na mtoto kwa siku chache, ambaye mtoto wake ana afya ya kawaida, na ambaye yeye mwenyewe anaweza kusema "huku kwetu sivyo" bila kumsema vibaya bibi. Kama huwezi kuisema bila kuongeza neno la kumponda mzee, usiichague. Mtoto atabeba lile neno, si ile sheria.

Njia ya pili: sheria moja kila nyumba

Wanaoitetea husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mtoto akisikia "hapana" huku na "ndiyo" kule, hujifunza kumtafuta mwenye ndiyo. Pia hutegemea kazi ya Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye tangu miaka ya 1960 alitofautisha mzazi mwenye amri tupu, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi anayechanganya upendo na msimamo. Huyo wa tatu ndiye ambaye watoto wake walionekana kwenda vizuri zaidi. Hoja ni nzuri, ila tukumbuke Baumrind alikuwa anazungumzia wazazi, wale wanaoishi na mtoto. Kuichukua kazi yake na kumpimia bibi anayekuja siku mbili ni kuivuta kupita urefu wake.

Ipo mahali ambapo njia hii naiona ni ya lazima. Ya kwanza ni pale mzee ndiye mlezi wa mchana, siku tano kwa wiki. Huyo ni nguzo ya malezi, na mtoto anamsoma kama anavyokusoma wewe. Ya pili ni pale mtoto ana hali inayohitaji utaratibu usioyumba: kisukari, mzio mkali wa chakula, usonji, au matatizo ya usingizi ambayo mmehangaika nayo kwa miezi. Hapo "kidogo tu" ya bibi inaweza kumpeleka mtoto hospitali au kubomoa kazi ya nusu mwaka.

Nje ya hapo, gharama yake ni kubwa, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hufichika. Mwaka 2020 hospitali ya watoto ya C. S. Mott, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Michigan, iliwauliza wazazi wa Marekani kuhusu mivutano yao na babu na bibi. Asilimia 43 walisema wamewahi kutofautiana nao, ama kwa dogo ama kwa kubwa, na jambo lililoongoza lilikuwa nidhamu, likifuatiwa na chakula na muda wa skrini. Kati ya waliowaomba wazee wabadilike, asilimia 47 walisema mzee alibadilika kweli. Asilimia 17 walisema alikataa waziwazi. Waliobaki, asilimia 36, walisema mzee alikubali kwa mdomo kisha akaendelea na yake.

Hao wa mwisho ndio wanaonitia hofu. Mzee anayekataa waziwazi unajua alipo, mnaweza kubishana. Anayekubali huku anaendelea hawezi kufanya hivyo peke yake. Anahitaji msaidizi, na msaidizi huyo ni mtoto wako. "Usimwambie mama." Maneno mawili, yanasemwa kwa tabasamu na mkono begani, na mtoto anajifunza kwamba kuna mambo ambayo watu wazima wanaompenda humtaka ayafiche kwa mama yake. Mimi nilifika hapo. Niliwabana wazazi wangu kwa sheria kumi na mbili nilizowatumia kwa ujumbe mmoja mrefu. Hawakubishana hata na moja. Wiki tatu baadaye mwanangu alijificha nyuma ya pazia kumalizia pipi, na nilipomkuta hakushtuka kwa sababu ya pipi. Aliniambia, "Babu alisema utagombana naye." Nilijuta ule ujumbe kuliko nilivyoijutia pipi.

Kwa hiyo ukiichagua njia hii, ichague ukiwa tayari kulipa: kueleza kwa subira, kurudia, kusikiliza, na kumpa mzee sauti katika kuzitunga hizo sheria. Mlezi wa siku tano ana haki ya kuulizwa, "Mama, wewe unaona afanye nini akikataa kulala mchana?" Sheria zinazoshuka kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi wake, bila kuulizwa, humvunjia mzee heshima, na mzee aliyevunjiwa heshima hutii kwa mdomo.

Njia ya tatu: mpaka mfupi

Katika njia hii unachagua mambo machache sana, unayasema wazi mara moja, na mengine yote unayaachia kwa moyo mweupe. Sehemu ngumu ni hiyo ya moyo mweupe. Wengi tunasema tumeachia huku tunahesabu.

Kinachostahili kuingia ndani ya mpaka ni kile ambacho kikikosewa hakirekebishiki kesho asubuhi. Usalama unatangulia. Na hapa wazee wanastahili haki yao, kwa sababu mara nyingi hawafanyi uzembe. Wanafuata walichofundishwa na wahudumu wa afya wa wakati wao. Chukua kulala kwa mtoto mchanga. Wazazi wengi wa zamani waliambiwa wamlaze kifudifudi ili asipaliwe akitapika. Madaktari wa watoto wa Marekani walibadilisha ushauri mwaka 1992, kampeni ya kumlaza chali ikaanza huko mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikashuka sana katika miaka iliyofuata. Bibi aliyelea kabla ya hapo alifanya alichoambiwa, na watoto wake walikua. Ukimwambia "unataka kumuua," umemtukana. Ukimwambia "Mama, enzi zenu walisema hivyo, baadaye wakagundua chali ni salama zaidi," umempa habari anayoweza kuifanyia kazi bila kujiona mkosaji.

Vivyo hivyo asali: haipewi mtoto wa chini ya miezi 12, kwa sababu inaweza kubeba bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli ya mtoto hadi ya kupumulia. Bibi aliyelambisha watoto sita asali bila madhara atakushangaa, naye amesema kweli kuhusu watoto wake sita. Gari nalo ni hivyohivyo: mtoto hapakatwi kiti cha mbele hata kama safari ni fupi. Mambo haya hayajadiliwi. Mengi ya hayo mengine yanajadilika.

Skrini iko katikati. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiketishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Mzee anayeonana na mjukuu mara moja kwa mwezi na kutazama naye katuni kwa saa mbili huku wanacheka pamoja, mimi namwachia. Mzee anayempa simu kila mchana ili apate kupumzika, hapana. Lakini hapo tatizo ni uchovu, na dawa yake ni kumpunguzia saa za kulea, si kumhubiria.

Jambo la pili ninaloweka ndani ya mpaka ni siri, kwa sababu niliyoeleza. Naweza kustahimili pipi. Siwezi kustahimili "usimwambie mama." Niliwaambia wazazi wangu hivyohivyo: mpeni, ila mkimpa, mniambie au mpeni mbele yangu. Ajabu ni kwamba walipopata ruhusa ya wazi walipunguza wenyewe.

La tatu ni kunipinga mbele ya mtoto. Baba akiona nimemkosea mwanangu, ananiita pembeni, na ninakwenda. Mara mbili tatu alikuwa sahihi. Kuna siku nilimnyima mtoto kutoka nje kwa kosa lililostahili neno moja tu, na baba aliniambia kwa upole kwamba adhabu ile ilikuwa ya hasira za kazini kwangu. Alikuwa ameziona zikiingia nami mlangoni.

Ningeongeza jambo moja kwa wenye watoto zaidi ya mmoja: upendeleo. Mzee anayemdekeza mjukuu mmoja na kumpita mwingine, labda kwa sababu ni wa kwanza, ni wa kiume au amechukua jina lake, anafanya jeraha ambalo zawadi haiponyi. Hilo nisingeliachia hata kwa siku moja.

Udhaifu wa njia ya tatu ni kwamba inakudai ukomavu wako wewe kuliko wa mzee. Ukitaja mambo matatu leo, mwezi ujao ukaongeza mawili na mwezi wa tatu manne, umerudi kwenye njia ya pili kwa mlango wa nyuma.

Zipime kwa siku zako

Mzee anayeishi mbali na kuonana na mtoto mara chache kwa mwaka: mwachie. Siku mbili za kwanza baada ya kurudi nyumbani mtoto atakuwa mgumu. Mpe siku hizo, usianze kumkemea getini.

Mzee wa kila wiki: mpaka mfupi, bila shaka kwangu. Siku zinatosha kujenga tabia, lakini hazitoshi kumfanya awe mlezi.

Mzee wa kila siku: sheria moja, iliyotungwa pamoja naye. Na hapa uwe tayari kwa jambo ambalo wengi hawalitarajii: utampoteza kidogo yule babu wa utani. Mwaka 1964 Bernice Neugarten na Karol Weinstein, waliochunguza familia 70 huko Marekani, waliwagawa babu na bibi katika mitindo mitano. Mmoja ni mzee rasmi anayewaachia wazazi malezi, mwingine ni mzee wa kucheza na kufurahi, na mwingine ni mzee aliyechukua nafasi ya mzazi. Kila mmoja ana nafasi yake, lakini mzee aliyechukua nafasi ya mzazi hubeba mzigo wa mzazi, na uchovu wake vilevile. Kama una wazee wa pande zote mbili walio hai, jaribu kuwaacha wa upande mmoja wabaki wa kucheza.

Mzee anayeishi nawe nyumba moja ndiye mgumu kuliko wote, na sheria za kwenye karatasi hazimfai. Swali la kwanza ni nyumba ni ya nani. Ukiwa kwake, una haki ya usalama na ukweli, mengine unaomba. Akiwa kwako, bado ni mzazi wako, ila neno la mwisho kuhusu mtoto ni lenu wawili mliomzaa, na ni vizuri alisikie mapema kabla hamjagombana. Wagawieni saa: asubuhi na kulala ni za wazazi, jioni ni ya babu. Mtoto akijua saa ya babu ni ipi, hatamkimbilia babu kila anapokanywa.

Nani aseme?

Hapa sina pande mbili. Kila mtu azungumze na wazazi wake mwenyewe. Mke asitumwe kumwambia mama mkwe kwamba anamdekeza mtoto, na mume asitumwe kwa baba mkwe. Neno lilelile likitoka kwa mtoto wa kuzaa linasikika kama ombi, likitoka kwa mkwe linasikika kama shutuma, na litakumbukwa kwenye kila sherehe. Kama mwenzako anakwepa kuzungumza na wazazi wake, basi mnalo jambo la kumaliza ninyi wawili kabla ya kumgusa mzee.

Namna ya kusema nayo ina uzito. Usiseme mtoto akiwepo, wala siku mzee ameleta zawadi. Anza na unachomshukuru, kwa sababu kipo. "Baba, tangu uanze kumsimulia hadithi anaongea vizuri sana. Nina ombi moja tu, kuhusu gari." Ombi moja. Ukiwa nayo manne, chagua.

Kama kinachouma si mtoto

Nimeliacha hili karibu na mwisho kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali. Zile sheria kumi na mbili hazikutoka kwenye hofu ya pipi. Zilitoka kwenye uchungu wa kuona mwanangu anapewa bure nilichokililia. Kama baba anaweza kukaa sakafuni, kwa nini hakukaa nami? Nilikuwa namtafutia makosa katika upole wake kwa sababu sikuthubutu kumuuliza kuhusu ukali wake.

Kabla hujachagua kuwabana wazee, jiulize: jambo hili angelifanya mzee wa jirani kwa mwanangu, lingeniudhi kiasi hiki? Kama lingekuudhi vilevile, ni suala la malezi, lisimamie. Kama lisingekuudhi, basi mazungumzo unayoyahitaji ni mengine, na mtoto asitumike kuyaanzisha.

Mimi niliyaanzisha jioni moja, watoto wamelala. Nilimuuliza baba kwa nini kwetu hakuwa hivi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema alikuwa anaogopa. Kwamba kila usiku alihesabu kama kitakachopatikana kesho kitatosha, na sisi tukipiga kelele alikuwa anapoteza hesabu. Akasema anatamani angetusikia zile kelele sasa. Sikuwahi kumwona baba akifuta macho.

Si kila mtu atajibiwa hivyo. Na wapo wenye kumbukumbu nzito kuliko zangu, za kupigwa hadi kuumizwa au mabaya zaidi. Kwao nasema wazi: upole kwa mjukuu hauthibitishi kwamba mzee amebadilika. Kama unajua alichokufanyia na hajawahi kukikiri, huna wajibu wa kumwachia mtoto peke yake naye, hata ndugu wote wakikuona mgumu wa moyo. Mkutane ukiwepo, au msikutane.

Nyumbani kwetu tumetulia kwenye mpaka mfupi: gari, siri, na kupingana faraghani. Kwa mama yangu mzazi umeshika. Kwa upande wa mwenzangu, bibi bado anampa mtoto simu kila mchana, na mwenzangu ameahidi kuzungumza naye wiki hii. Baba ametengeneza miwani, na ameanza kuivua na kuiweka juu ya kabati kabla hajakaa sakafuni.